Githeri ya Leo Huanza Jana: Mgawo wa Kazi za Nyumbani kwa Wanandoa Walioajiriwa, Murang'a



Naomba nianze na sufuria ya githeri. Mimi na mama watoto sote tumeajiriwa, na miaka kadhaa iliyopita tulikubaliana kwamba kila Jumatano mpishi ni mimi. Jumatano ya kwanza nilifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, nikawasha jiko, nikatia mahindi makavu na maharagwe, nikajaza maji. Saa tatu usiku watoto walikuwa wamesinzia mezani, na maharagwe bado yanagonga mwiko kama kokoto. Hayakuwa yamelowekwa. Nikauliza, "Mbona hukuniambia?" Akanijibu kwa upole, "Baba watoto, kwani mimi huambiwa na nani?"

Swali hilo ndilo mada yangu. Tunagawana kazi za mikono, huyu apike na yule aoshe vyombo, lakini kazi ya kukumbuka hatuigawi. Nani anajua kwamba gesi imekaribia kuisha, au kliniki ya mtoto ni lini? Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) mwaka 2021 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya hutumia takriban saa 4 na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi bila malipo. Mwanamume hafikishi hata saa 1.

Wapo watakaosema ndiyo mila. Mila ipi? Kwa Wagikuyu wa kale kila mmoja alikuwa na kazi yake kamili. Ndizi, viazi vikuu na miwa vilipandwa na mwanamume; maharagwe na mawele, mwanamke. Nyumba ikijengwa, wanaume walikata miti, wanawake wakaleta nyasi za kuezekea. Kodi ya mkoloni ndiyo iliyovuruga mgawo huo: waume wakaenda kutafuta mshahara Nairobi na kwa walowezi, wake wakabaki na majembe mawili. Mwaka 1948, wilaya hii ikiitwa Fort Hall, serikali ilipowabebesha tena kazi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wanawake waligoma. Leo mume na mke wote wanarudi nyumbani jioni, lakini lile jembe la pili bado liko mkononi mwa mke.

Sheria imetutangulia. Ile ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango katika mali. Ile ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki 2 za likizo mtoto anapozaliwa; wanaume wenzangu, wiki hizo tulizitumiaje?

Pendekezo langu ni moja: tupeane kazi nzima, tangu kuiwaza hadi kuimaliza. Aliyechukua chakula cha Jumatano amechukua na maharagwe ya Jumanne. Na neno "namsaidia" tuliache, kwa maana anayesaidia hungoja kutumwa.

Siku hizi kila Jumanne usiku napitia jikoni, nachambua maharagwe kwenye ungo, nayamiminia maji na kuyafunika. Wakati huo mama watoto huwa ameshalala.