Vyuo na Wazalishaji Wadogo: Utafiti Uanzie Kazini

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hiyo husikika sana siku za mahafali, kisha husahaulika majoho yanapovuliwa. Chuoni kuna maabara, vipimo, maktaba na wataalamu waliosomeshwa kwa jasho la umma. Mtaani kuna fundi wa kuchomelea vyuma, msindikaji wa alizeti, mtengeneza sabuni na mkulima wa mwani, ambao kila siku hupambana na matatizo yanayohitaji vipimo hivyo. Mara nyingi kinachowatenganisha ni barabara moja tu, lakini barabara hiyo haivukwi. Fundi hudhani kwamba chuo ni mahali pa wenye vyeti. Msomi naye hudhani kwamba karakana ni mahali pa kupeleka gari bovu.

Hali hiyo haitokani na upungufu wa vyombo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Likafuatwa na TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, mwaka 1979. TEMDO, la uhandisi na usanifu wa mitambo, mwaka 1980. Na CAMARTEC, la zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mwaka 1981. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kuanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kabla ya hayo yote, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea alikwisha kuonya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii yake. Milango basi ipo. Linalohitaji kuelezwa ni namna mzalishaji mdogo anavyoweza kuipita akiwa mshirika, wala si mwombaji.

Utafiti unaozungumzwa hapa ni utafiti wa matumizi, yaani uchunguzi unaoanza na tatizo la kazi na kuishia katika kazi. Hautafuti sifa ya kuandikwa vitabuni peke yake. Hutafuta jibu ambalo mtu anaweza kulitumia kesho asubuhi katika kinu chake, shamba lake au jiko lake.

Mfano mzuri wa utafiti wa namna hiyo unapatikana katika fukwe za Zanzibar. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani. Wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, hupigilia vigingi mchangani, hufunga kamba baina yake na kufungia vipande vya mwani. Hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na kuvuna baada ya wiki sita hivi. Mwani ulioanikwa ukakauka husafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa karaginani, utomvu unaotumika kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi.

Aina mbili ndizo zilizolimwa zaidi: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei kubwa. Lakini kuanzia miaka ya mwanzoni ya 2000, kotonii ilianza kufa katika maji ya kina kifupi. Maji yalizidi joto. Matawi yakageuka meupe, yakalainika na kukatika. Mwanamke aliyekuwa akisomesha watoto kwa mwani akabaki na spinosamu yenye bei duni, au akabaki na vigingi vitupu.

Hapo ndipo utafiti ulipokutana na kazi. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ilikuwa na wataalamu wa viumbe wa baharini. Mwaka 2006 kikaanzishwa chombo cha kuwakusanya pamoja wakulima wa mwani, wafanyabiashara, watafiti na serikali, ambacho kiongozi wake alikuwa mtafiti Dakta Flower Msuya. Maswali mawili yalitiliwa mkazo: mwani wenye bei ndogo uongezwe thamani vipi hapa hapa nchini, na kotonii iokolewe vipi?

Kwa swali la kwanza, wakulima walijifunza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni na bidhaa nyingine. Kikundi cha wanawake wa Kidoti, kaskazini mwa Unguja, ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Sabuni si jambo la kubahatisha. Kostiki ikizidi, ngozi huungua. Ikipungua, mafuta hubaki bila kugeuka sabuni. Anayejua kipimo hicho kwa uhakika ni mtu wa maabara. Anayejua harufu, rangi na ukubwa wa kipande anachokipenda mnunuzi ni yule anayesimama sokoni. Elimu hizo mbili zikikaa pamoja ndipo inapopatikana bidhaa.

Kwa swali la pili, ilijaribiwa njia ya kupanda kotonii katika maji ya kina kirefu, ambako joto ni dogo, kwa kutumia nyavu zilizoshonwa mfano wa bomba ili mawimbi yasiukate mwani. Njia hiyo ilileta matumaini, lakini ilifichua jambo jingine: wakulima wengi hawakuwa wamejifunza kuogelea, na kina kirefu hudai chombo cha kwendea. Mafunzo ya kuogelea na kutumia mashua yakawa sehemu ya utafiti. Tatizo hilo lisingeonekana kamwe ndani ya chupa ya maabara. Tena ni haki kusema kwamba nyavu na mashua hugharimu kuliko kamba na vigingi, kwa hiyo jibu la kitaalamu bado linahitaji jibu la mtaji.

Ndugu wananchi, mfano huo una mafunzo kwa kila mwenye shughuli ndogo, awe Singida anakamua alizeti au Morogoro anatengeneza mashine.

La kwanza ni kwenda chuoni na swali moja lililo wazi. Kusema “biashara yangu ni ngumu” hakumsaidii mtafiti. Kusema “mashudu yangu yanabaki na mafuta mengi kuliko ya jirani, ingawa mbegu ni zile zile” ni kumkabidhi kazi. Mtafiti ataanza mara moja kupima unyevu wa mbegu, joto la kinu na upana wa tundu la kutolea mashudu.

La pili ni kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na utafiti ni hivyo hivyo. Msindikaji anayeandika kila siku kilo za mbegu zilizoingia, lita za mafuta zilizotoka na saa ambazo mashine ilisimama, amekwisha kufanya nusu ya utafiti kabla hajamwona mtaalamu.

La tatu ni kujua kalenda ya chuo. Wanafunzi wa ufundi na uhandisi huwa na vipindi vya mafunzo ya vitendo, na wengi hufanya mradi katika mwaka wa mwisho. Mradi wa namna hiyo waweza kumpatia mzalishaji mdogo miezi kadhaa ya kazi ya kitaalamu kwa gharama ya vifaa tu. Lakini mwanafunzi huhitimu akaondoka. Kwa hiyo mapatano yafanywe na idara na mwalimu wake, ili kazi isifuate begi la mwanafunzi mpaka kwao.

La nne ni mapatano ya maandishi, hata yakiwa ya ukurasa mmoja. Yataje nani atalipia vifaa, majaribio yatafanyika wapi, matokeo yatatolewa lini, na kitakachovumbuliwa kitakuwa mali ya nani. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Msomi hupandishwa cheo kwa kuchapisha. Lakini sheria za hataza hutaka uvumbuzi uwe mpya, na uvumbuzi uliokwisha kutangazwa waweza kupoteza haki hiyo. Basi maombi ya hataza yatangulie, makala yafuate. Kwa Tanzania Bara, maombi hayo hupelekwa BRELA.

La tano ni umoja. Kiwanda cha watu watano hakiwezi peke yake kulipia mtaalamu, lakini wasindikaji ishirini wenye tatizo moja wanaweza kuchangia, na chuo nacho kitaona kwamba kazi ina uzito. Wakulima wa mwani walisikilizwa kwa sababu walikuja kwa vikundi.

Vyuo navyo vina wajibu. Hapana budi pawe na mtu mmoja anayejulikana, wa kumpokea fundi anayekuja bila barua ya utambulisho, na kumpeleka kwenye idara inayohusika. Hapana budi mwalimu anayetatua tatizo la karakana ahesabiwe kuwa amefanya kazi ya kisomi, sawa na mwenzake aliyeandika makala. Na matokeo yarudishwe kwa Kiswahili chepesi, mbele ya wale waliotoa swali. Ripoti isiyosomeka na mwenye kinu haijamfikia mwenyewe, hata ikiwa imefungwa kwa jalada la ngozi.

Utafiti si anasa ya mataifa tajiri. Mwenye mtaji mkubwa hukosea mara tatu na bado akasimama. Mwenye mtaji mdogo akikosea mara moja hufunga duka. Ni yeye basi anayehitaji zaidi kujua kabla ya kutenda. Fundi na abebe swali lake na daftari lake avuke barabara. Na msomi asimngoje langoni, bali amkute katikati ya njia.