Hodi Hujibiwa na Mwenye Nyumba

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika jinsi ilivyosemwa, ili wale ambao hawakufika waisome katika vikundi vyao.)

 

Tuliombwa tuzungumze juu ya amani katika kikundi. Mwanzo tulifikiri tutasema juu ya pesa, kwa maana pesa ndizo huvunja vikundi vingi. Lakini tulipoulizana tukaona kuna jambo lingine. Tunalisema sana tukiwa njiani kuteka maji, na tukiingia mkutanoni tunalinyamazia. Ni habari ya wageni wa dini wanaokuja nyumba kwa nyumba, wawili wawili, na mkoba wa vitabu, wakati mwingine bila kutaka kuondoka.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Sisi tunaosema ni watu wa kanisa, na kanisa letu pia hutuma watu kubisha milango. Kwa hivyo hatukuja hapa kuwasengenya wengine. Tulikuja kuwaambia yaliyotupata na yale tuliyojifunza.

Yaliyotupata sisi

Kikundi chetu ni cha akina mama 24. Tunachanga kila mwezi, na zamu ikimfikia mama ananunuliwa tangi la maji na mabati ya kuvunia mvua. Tunasali makanisa tofauti, na wawili wetu ni Waislamu. Miaka mingi hilo halikuwa shida.

Halafu wageni wakaja. Siku ya kwanza tuliwapa chai, kwa maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ya pili walitukuta tukipalilia shamba la kikundi, tukaacha majembe tukawasikiliza. Siku ya tatu tukaanza kujificha. Ndiyo, watu wazima tunajificha nyuma ya jiko, tunamtuma mtoto aseme mama hayuko! Mtoto anafundishwa uongo na mama yake, kwa ajili ya mtu aliyekuja kuongea habari za Mungu.

Mmoja wetu hakujificha. Ni mjane, anakaa na wajukuu watatu, na kwa kweli sisi tulikuwa hatumtembelei. Wageni wakawa wanakwenda kwake kila wiki. Hatusemi walifanya vibaya kumtembelea. Lakini baadaye aliambiwa kwamba mchango wetu ni wa watu waliopotea, na kwamba asile nasi matangani. Akaacha kuja mkutanoni. Alikuwa amechanga miezi 17.

Zamu yake ya tangi ikafika. Hapo ndipo moto ukawaka. Wengine walisema, “Amejitoa mwenyewe, asahau tangi.” Wengine wakasema, “Pesa ni zake, dini ni yake.” Tulifanya mikutano mitatu bila kusoma hata hesabu. Wakati huohuo kijana wa mmoja wetu akaona atusaidie. Wageni walipokuja tena, akawafungulia mbwa. Mmoja akaumwa mguuni.

Jambo likafika kwa naibu wa chifu. Mama wa yule kijana ndiye aliyelipa nauli na sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na si sindano moja. Pesa hizo alikuwa ameweka za karo. Mnaona? Wageni walikuja kwa maneno, sisi tukajibu kwa meno, na hasara ikabaki kwetu.

Mwisho tulifungua katiba ya kikundi. Ilisema kwamba mwanachama hupata haki yake kwa mchango wake. Haikusema kwa kanisa lake. Tukampelekea mama yule tangi lake, na tukaenda wote kulipanga. Mwenyekiti akamwambia, “Dada, hatukuja kukurudisha kanisani. Tumeleta kilicho chako.” Alilia, na sisi tukaona aibu. Leo amerudi katika kikundi. Kanisani kwetu hakurudi, anasali kule kwingine. Tangi linajaa mvua ikinyesha.

Na sisi pia tumebisha vibaya

Tungeishia hapo ingekuwa hotuba ya kujisifu. Lakini kuna la pili.

Siku moja watu wa kanisa letu, na baadhi yetu tulikuwamo, walikwenda kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa mgonjwa kitandani. Watoto wake walikuwa kazini. Tuliingia, tukaimba, tukamwekea mikono, tukamwambia kama anakubali wokovu ainue mkono. Mzee hakuwa hata na nguvu ya kutukatalia. Kijana wake alirudi akatukuta. Hakupiga kelele. Alituuliza tu, “Kama ni mimi ningekuja kwa mama yenu akiwa mgonjwa, nyinyi hampo, nikamsomea dini yangu, mngesema nini?”

Hatukuwa na jibu. Siku ya pili tulirudi na unga na sukari, tukabaki nje, tukabisha, tukaomba radhi. Tangu siku hiyo tunaposema juu ya wageni wasumbufu, tunajihesabu na sisi.

Mila na dini zinasemaje

Huku kwetu mtu hupiga hodi. Hodi ni swali. Mwenye nyumba akisema karibu, ingia. Akinyamaza, umejibiwa. Waislamu wanafundishwa katika Kurani, sura ya 24, wasiingie nyumba za watu mpaka waombe ruhusa na kusalimu, na wakiambiwa warudi, warudi. Wakristo nao wasome Luka sura ya 10. Yesu alipowatuma wale wanafunzi aliwaambia watoe salamu ya amani kwanza, na wasihamehame nyumba hata nyumba. Wasipopokelewa, waende zao na vumbi walikung'ute. Hakuwaambia wasimame mlangoni wakibishana. Hata kitabu cha Ufunuo kinamwonyesha Bwana mwenyewe akisimama mlangoni akibisha. Havunji kitasa.

Tukumbuke pia jinsi dini ilivyoanza kuhubiriwa huku. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Rebmann walipotaka kukaa Rabai, waliwaomba kwanza wazee wa pale, na wazee wakakubali. Miaka mingi ilipita wakipata waumini wachache sana. Hata hivyo walingoja. Anayekuhubiria leo na anataka jibu lako kabla chai haijapoa, ana haraka gani kuliko Krapf?

Sheria inasemaje

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya Serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na wa kuifuata na kuifundisha dini yake. Kwa hivyo yule mgeni ana haki ya kuhubiri. Msimtukane, msimzuie barabarani, msimwite chifu eti kwa sababu kanisa lake ni geni. Lakini kifungu hichohicho kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, na asinyimwe kazi au huduma kwa sababu ya dini. Hiyo ni ngao yako wewe unayebishiwa. Tena ni ngao ya yule mjane tuliyetaka kumnyima tangi.

Kuna pia sheria ya kuingia katika ardhi ya watu, Sura ya 294. Mtu akiingia au akibaki katika ardhi ya mwenyewe bila ruhusa ya anayekaa hapo, na hana sababu ya maana, amefanya kosa. Kupiga hodi si kosa. Kubaki baada ya kuambiwa nenda, hapo ndipo mambo yanabadilika. Akikataa kabisa, mwite mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Usimwite mbwa.

Ya kufanya mlangoni

Haya ndiyo tuliyokubaliana katika kikundi chetu. Mnaweza kuyachukua au kuyarekebisha.

1. Jibu wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Toka nje, simama, salimu. Mkiongea hapo nje ni rahisi kumaliza. Ukishampa kiti, utamwondoaje?

2. Kama hutaki, sema mapema na kwa maneno machache: “Asanteni kwa kufika. Hapa tuna imani yetu na tumetosheka. Leo tuko kazini. Nendeni kwa amani.” Usitoe sababu kumi, kwa maana kila sababu itapata jibu.

3. Usiseme “njooni siku nyingine” kama huna nia. Wataandika na watakuja, na kosa litakuwa lako.

4. Kama unataka kusikiliza, sikiliza. Hakuna dhambi. Lakini weka wakati: “Tuna dakika kumi, halafu nitakwenda shambani.” Ukipenda waambie warudi mzee au mwenzako akiwapo.

5. Hakuna mazungumzo ya dini na watoto walio peke yao, wala na mgonjwa ambaye watu wake hawapo. Waambieni watoto wajibu kutoka ndani: “Wakubwa hawapo, rudini wakija.” Waseme hivyo tu ikiwa ni kweli.

6. Usitoe nambari ya kitambulisho, wala usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Nambari ya siri ya simu ya pesa haitolewi kwa mtu yeyote, hata akiomba kwa jina la Mungu.

7. Msaada ni mzuri, lakini uliza. Mtu akikuahidi mahindi au karo ukihama dini, huo si msaada tena, ni biashara.

Dalili za hatari

Wageni wengi ni watu wema wanaoamini wanatusaidia. Lakini tusifumbe macho. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na watoto walikuwamo. Watu walikuwa wamefundishwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Kwa hivyo mhubiri yeyote, awe mgeni au awe wa kanisa lako mwenyewe, akikuambia uwatoe watoto shuleni, au usipeleke mgonjwa hospitali, au uuze shamba umletee pesa, au ukate mawasiliano na jamaa zako, usibishane naye juu ya aya. Mwambie mzee wa kijiji siku hiyohiyo. Na umtembelee jirani anayemsikiliza. Mtu akiachwa peke yake ndipo hupotea bila kuonekana. Mjane wetu hakuchukuliwa na mtu. Sisi tulimwacha kwanza.

Ya kuandika katika katiba ya kikundi

Kila kikundi kinachosajiliwa kinatakiwa kiwe na katiba. Hebu mwangalie yenu. Sisi tuliongeza mambo manne. Moja, mwanachama hatapata wala kukosa zamu kwa ajili ya dini yake. Mbili, anayejitoa atarudishiwa mchango wake baada ya kutoa madeni. Tatu, mkutano na siku ya kazi si mahali pa kuvutana kwa dini. Mgeni akija siku hiyo, mwenyekiti ndiye atamjibu, na kazi iendelee. Nne, sala ya kufungua mkutano ni fupi, na hakuna anayelazimishwa kuisema. Hili la nne lilituuma kidogo sisi watu wa kanisa, lakini tulilipitisha.

Wapendwa, imani inayolazimishwa haikai, na amani inayoletwa na mbwa haikai. Mwacheni mgeni apige hodi, na mwacheni mwenye nyumba ajibu. Sisi tukienda kwa wengine, tungoje jibu lao kama tunavyotaka wangoje letu. Na tuwatembelee wajane wetu kabla wengine hawajatukumbusha.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kuna mwanachama wenu aliyeacha kuja kwa sababu ya dini? Ni nani kati yenu amemtembelea?

2. Katiba yenu inasema nini juu ya mchango wa mtu aliyejitoa?

3. Watu wawili waigize wageni, na mmoja mwenye nyumba. Akatae kwa heshima kwa maneno yasiyozidi matano au sita ya maana. Wengine waseme kama ameweza.

4. Kanisa lenu au msikiti wenu ukituma watu nyumba kwa nyumba, ni masharti gani mngewapa?