Simu na Kompyuta Zisipopatana



Katibu wa chama cha msingi aweza kupiga picha za daftari la mizani kwa simu, kisha akazihamishia kwenye kompyuta ya ofisi kwa Bluetooth, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi, pasipo waya wala gharama ya intaneti. Vyombo hivyo visipopatana, orodha ya malipo huchelewa, na anayengoja ni mkulima.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Vinapooanishwa mara ya kwanza, simu na kompyuta huwekeana ufunguo wa siri. Kimoja kikiupoteza, kwa mfano kompyuta inapowekewa programu upya, kingine hukataa kuunganishwa. Kufuta jina upande mmoja hakutoshi. Sharti lifutwe pande zote mbili, ndipo kazi ianze upya.

Kwanza, Bluetooth iwashwe kotekote, na vyombo viwekwe karibu. Pili, ukurasa wa Bluetooth katika mipangilio ya simu uachwe wazi, ili simu ionekane. Tatu, tarakimu 6 zitokeapo kwenye vioo vyote viwili, zilinganishwe. Zikitofautiana, katibu akatae, kwani huenda anayebisha hodi ni mgeni. Nne, kompyuta yenye Windows iamriwe kwanza kupokea faili, ndipo simu itume.

Hata picha zikifika salama, daftari la mizani lisitupwe. Picha ni nakala. Daftari ndilo shahidi wa jasho la mwanachama.