Wageni wa Tovuti Yako Wanaishia Wapi?

Wenye tovuti za biashara wengi hufurahia namba moja tu: idadi ya waliotembelea. Namba hiyo peke yake haitoshi, na mara nyingine inapotosha. Mtu mmoja akifungua tovuti yako kwa simu asubuhi na kwa kompyuta ya ofisini mchana, ripoti inaweza kumhesabu kuwa watu wawili.

Tuseme una nyumba ya wageni Paje, Zanzibar. Fungua programu ya takwimu, mathalani Google Analytics, uangalie kwanza watu wanatokea wapi: kwenye utafutaji, mitandao ya kijamii au tovuti nyingine. Kisha tazama wanakoishia. Hapo ndipo penye faida kubwa. Programu hiyo huhesabu kuwa mtu amevutiwa akikaa zaidi ya sekunde 10, akifungua kurasa 2 au zaidi, au akifanya tendo uliloliweka kuwa muhimu, kama kutuma ombi la chumba. Wengi wakifika ukurasa wa bei na kuondoka, usikimbilie kushusha bei. Huenda ukurasa unachelewa kufunguka kwenye simu, au fomu inauliza mambo mengi mno. Linganisha watumiaji wa simu na wa kompyuta, utapata pa kuanzia.

Na hili nalisisitiza: taarifa hizi ni za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina yake ya 2019. Waeleze wageni wako unachokusanya kabla hujakikusanya.