Umbo Moja kwa Sura Tatu: Mhadhara wa Umma Juu ya Uchoraji wa Handasa



Jicho la mwanadamu huona kwa namna ambayo fundi hawezi kuitegemea, kwani nguzo za ukumbi mrefu, japo zimepimwa zikawa sawasawa, hujionyesha kana kwamba zafupika na kusogeleana kadiri ziendavyo mbali nasi. Na mchoraji wa picha, akitaka kutupendeza, hana budi kuzichora vivyo hivyo. Lakini seremala aliyekabidhiwa picha hiyo atakata ubao wake kwa kipimo gani, ilhali urefu ulio mmoja umechorwa kwa vipimo mbalimbali na pembe mraba zimepinda? Kwa ajili yake ilibidi ipatikane picha isiyojali jicho lilipo, nayo ndiyo niliyokusudia kuizungumza jioni hii: michoro ya sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni, ambayo vijana wa shule za ufundi huijua kwa jina la makadirio ya othografia.

Asili yake ni kama ya timazi la mwashi. Kutoka kila ncha ya kitu twateremsha mstari uliopiga bapa la kuchorea kwa pembe mraba, na mistari hiyo yote huenda sambamba, haikutani mahali popote, hata ubavu uliolala sambamba na bapa ukatokea kwa urefu wake wa hakika, uwe karibu au uwe mbali. Faida hiyo ina gharama yake, maana kina chote hupotea. Nikiwachorea mraba kwa sura ya mbele, na mraba mwingine kwa sura ya juu, aghalabu mtasema ni mchemraba, na huenda ikawa kweli. Lakini kabari iliyopatikana kwa kuukata mchemraba huo kwa mshazari ina sura hizo hizo mbili, na robo ya mcheduara iliyoelekeza mgongo wake mbele na juu inazo vilevile. Sura ya ubavuni pekee ndiyo itakayopambanua, kwa kutuonyesha mraba, au pembetatu, au robo ya duara.

Waashi na wachoraji walikuwa wakizitumia sura hizi tangu zamani, na Albrecht Dürer, Mjerumani, alizionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1525. Lakini aliyezifanya kuwa elimu kamili yenye kanuni zake ni Gaspard Monge, Mfaransa, aliyezaliwa Beaune mwaka 1746. Kwa kuwa alikuwa mwana wa mchuuzi, wala si wa ukoo wa kibwana, hakuruhusiwa kusoma pamoja na maafisa katika chuo cha kijeshi cha Mézières, akawekwa katika karakana ya wachoraji. Huko alipewa kazi ya kutafuta kimo cha kuta za ngome zisizofikiwa na risasi za adui, hesabu iliyokuwa ikichosha watu kwa muda mrefu, naye akaimaliza kwa rula na bikari upesi mno, hata mkubwa wake akakataa kwanza kuitazama. Walipokwisha kusadiki, jeshi liliifanya njia hiyo siri, na siri ikabaki hadi mwaka 1795, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, ambapo Monge aliifundisha hadharani mjini Paris. Nalikumbusha jambo hili kwa makusudi, kwani ninaamini kwa moyo wote kwamba elimu hii ni haki ya kila fundi, wala si ya muhandisi peke yake.

Natuitazame ikifanya kazi. Mlingoti wa bendera una kimo cha mita 12, na waya wa kuushikiza umefungwa kileleni, kisha ukapigiliwa ardhini mahali palipo mita 4 mashariki ya shina lake na mita 3 kaskazini. Tukiutazama waya kutoka kusini, mchoro watuonyesha takriban mita 12.65, kutoka mashariki, takriban 12.37, na kutoka juu, mita 5 tu. Fundi atakayenunua waya kwa kipimo chochote katika hivi atarudi dukani, kwa sababu waya haukulala sambamba na bapa lolote. Basi na aweke ncha ya bikari penye shina la mlingoti katika sura ya juu, aizungushe ile mita 5 mpaka ielekee mashariki kamili, kisha aipandishe katika sura ya mbele na kuiunga na kilele: hapo atapima mita 13 zilizo sahihi. Hakuna hata sura moja iliyokuwa na jibu, lakini mbili zikisomwa pamoja zilikuwa nalo tangu mwanzo. Kwa hiyo nawasihi walimu wampe mwanafunzi sura mbili na kumtaka aitafute ya tatu, kabla ya kumhimiza unadhifu wa mistari.

Limebaki jambo moja ambalo limeharibu vyuma vingi. Bapa la wima na bapa la mlalo, yakikatana, hufanya pembe nne. Watu wa Ulaya aghalabu hukiweka kitu katika pembe ya kwanza, na kwa hiyo sura ya juu huchorwa chini ya ile ya mbele, na sura ya ubavu wa kushoto huchorwa kuliani. Wamarekani hutumia pembe ya tatu, na kila sura hukaa upande ilikotazamwa. Asiyetambua atatoboa kuliani tundu lililotakiwa kushoto. Alama huwekwa pembeni mwa karatasi, nayo ni pia iliyokatwa ncha pamoja na duara zake mbili: zikiwa kando ya kitako kipana, ni pembe ya kwanza, zikiwa kando ya upande mwembamba, ni ya tatu, na itafutwe kabla ya chuma kufungwa kwenye jiliwa.