Hotuba juu ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi
(Ilisomwa mbele ya wanachama, Ngara)



Nimetakiwa ninene machache juu ya elimu ya watu wazima, wala sikwenda mbali kutafuta mfano. Mtu akitoka hapa Ngara akashika njia ya Lusahunga hata kuingia Biharamulo, atakikuta Chuo cha Rubondo. Ni kimoja katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vimepata kuwa zaidi ya 50 katika nchi yetu. Mimi naviona kuwa chuo kimoja kikubwa chenye matawi mengi, maana vilianzishwa kwa shauri moja, mwaka 1975.

Shauri lenyewe lilitoka Uswidi, ambako mtu mzima huingia chuo cha namna hii apate maarifa, wala haulizwi kwanza alishinda mtihani gani. Kwetu ilikusudiwa kijiji kimteue mtu wake, afundishwe useremala, uashi, ushonaji au kilimo, pamoja na mambo ya uraia, kisha arudi kwao. Hapakuwa na cheti kikubwa cha kumvuta mjini. Wako wasemao hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya vyuo. Wako wasemao ndiyo iliyokuwa kasoro yake.

Hapo ndipo penye mzozo. Vyuo vilianza chini ya Wizara ya Elimu. Baadaye vikahamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii. Na baada ya mwaka 2015 vikarudishwa Elimu. Sisi makarani twajua sana habari za faili lihamalo ofisi: kila lihamapo hupotea karatasi moja. Karatasi ninayoiogopea hapa ni ile isemayo mlango uwe wazi kwa asiye na cheti. Katika miaka ya 2010 vyuo hivi viliingiza mafunzo ya VETA, yenye mitihani na vyeti vinavyotambuliwa. Silaumu jambo hilo, kwa kuwa fundi wa umeme asiye na cheti hupata taabu kuajiriwa. Lakini mwalimu ni yule yule, na karakana ni ile ile. Mwalimu apimwaye kwa mitihani hana budi kumpenda mwanafunzi aliyekwisha kusoma.

Hata hivyo vyuo hivi viliwapokea wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba, wakaja na watoto wao, watoto wakatunzwa huku mama yumo darasani. Hayo yalianza kabla ya Novemba 2021, Serikali ilipowaruhusu wasichana hao warudi katika shule za kawaida.

Nami sina budi kusema kosa langu. Msichana wa namna hiyo alifika mezani kwangu, mtoto mgongoni, akauliza habari za kujifunza cherehani. Nikamwuliza cheti cha kidato cha nne, hanacho. Nikamwambia, "Binti, bila cheti hapana nafasi." Akashukuru, akaenda zake. Sikuwa nimesoma sharti lo lote. Nilinena tu kama tunenavyo saa nane mchana, tukiwa tumechoka na watu. Wizara haikumfungia mlango, nilimfungia mimi. Sijamwona tena.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali tuandike barua Rubondo, tuletewe masharti ya kuingia ya mwaka ujao, nayo yabandikwe mahali watu wapangapo foleni, si kulazwa ndani ya saraka. Mwenye kujua Kihangaza vizuri na ayatafsiri. Barua nimekwisha kuiandika, iko kwa Katibu. Yangoja sahihi zenu.