Wageni wa Njia Nyingi: Kinga ya Kipato cha Utalii Rungwe

Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Mpuguso kuhusu masoko ya utalii



Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka uliofuata, kutokana na janga la UVIKO-19, idadi hiyo ilishuka hadi 620,867. Hakuna mlima uliohama wala ziwa lililokauka. Wageni hawakuja kwa sababu nchi zao zilifunga mipaka na safari za ndege zilisitishwa. Madereva, wapishi, waongoza watalii na wenye nyumba za kulala wageni walikosa riziki kwa sababu ya maamuzi yaliyofanyika mbali nao.

Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mamia ya watalii kutoka nchi hiyo walikwama Zanzibar, na wengine waliotarajiwa hawakuja tena. Matukio hayo mawili yanafundisha jambo moja: anayetegemea soko moja huyumba pamoja na soko hilo.

Kwa sababu hiyo, Taifa limekuwa likipanua masoko. Masoko ya siku nyingi ya Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza hayajaachwa, bali yameongezewa mengine. Ndege za Air Tanzania zimefungua njia za Mumbai na Guangzhou, na mwaka 2024 ulikuwa Mwaka wa Utalii na Utamaduni baina ya Tanzania na China. Mwaka huo watalii wa kimataifa walifikia 2,141,895. Wakulima wa parachichi wa Rungwe wanaielewa hoja hii bila maelezo marefu: makubaliano ya Novemba 2022 ya kuuza parachichi China yaliongeza mlango mwingine kando ya ule wa Ulaya.

Wilaya ya Rungwe inavyo vya kuonyesha. Lipo Ziwa Ngosi ndani ya kasoko ya volkano, Daraja la Mungu na Kijungu katika Mto Kiwira, na Maporomoko ya Kaporogwe. Katika misitu ya Mlima Rungwe yupo kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikwishamjua. Hata hivyo, wageni wengi wa kimataifa huishia Kaskazini na Zanzibar. Rungwe ikisubiri mtalii wa ndege kutoka Ulaya peke yake, itasubiri sana.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa Rungwe ni jirani. Barabara kuu itokayo Mbeya hupita Tukuyu na kufika mpaka wa Kasumulu; ng'ambo yake ni Malawi, ambako Wangonde wa Karonga husema lugha inayosikilizana na Kinyakyusa. Kwa upande wa Tunduma ipo Zambia. Jirani huyo hahitaji ndege, na mara nyingi huja kwa biashara, msiba au harusi. Akipata sababu ya kulala usiku mmoja zaidi, amekwisha kuwa mtalii. Vivyo hivyo Mtanzania atokaye Mbeya au Dar es Salaam, na mzazi anayemtembelea mwanawe katika Chuo cha Ualimu Mpuguso.

Kila mgeni ana hitaji lake. Wa mbali hutaka mwongozaji anayejua lugha na historia; wa jirani hutaka bei nafuu na usafiri wa uhakika; familia hutaka choo safi na chakula kilichoandaliwa vizuri. Wote hutaka bei inayojulikana mapema, stakabadhi halali, na kutobughudhiwa njiani. Mgeni aliyetozwa bei mbili kwa huduma moja harudi, na huwaonya wenzake.

Huduma za Halmashauri zinahusika hapa moja kwa moja. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuanzisha huduma ya chakula, usafiri au kazi za mikono vinaweza kuomba mkopo usio na riba utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa kuanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Anayetaka kuongoza watalii atambue kuwa kazi hiyo ina leseni yake chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Wenye nyumba za kulala wageni wanakumbushwa kuandikisha kila mgeni na nchi atokayo, kwani bila kumbukumbu hizo haijulikani ni soko lipi linakua na lipi linafifia.

Misukosuko ya dunia haitakoma. Mlango mmoja ukifungwa, Rungwe iwe na mingine iliyo wazi, na ulio karibu kuliko yote uko Kasumulu.